Mzima kwa kulinganishwa na nani?

Daktari alikuwa ameshavuta chanjo kwenye sindano, akasita. Malkia, buldogi wangu jike, alikuwa amejilaza barazani, tumbo lote kwenye sakafu ya saruji, miguu ya nyuma ameitandaza, anakoroma.

"Anakoroma hivi hata akiwa macho?"

"Akilala tu," nikamjibu. "Buldogi wote wanakoroma, daktari."

"Wote nawajua, mama. Naulizia huyu."

Akapiga magoti. Akamtazama matundu ya pua, akamfunua kope, akapitisha kidole kwenye mikunjo ya uso na kwenye kile kishimo kilicho chini ya mkia, ambacho wengi wanaofuga mbwa hawa hawajui hata kama kipo. Akamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, akajaza kadi, kisha akaniambia mbwa wangu ni mzima. Na kwamba yeye angenishauri nimfunge kizazi.

Jioni ile ile, yule kaka wa Dar es Salaam aliyeniuzia Malkia aliona picha niliyoweka WhatsApp, akanitumia ujumbe wa sauti. "Dada'ngu, huyo mtoto ametulia! Mzima kabisa. Usije ukamfunga kizazi. Akiingia joto lijalo nipigie, dume ninalo."

Siku moja, mbwa mmoja, washauri wawili. Wote wamekubaliana kwamba ni mzima. Mmoja akaona hiyo ndiyo sababu ya kumzalisha, mwingine hakuona sababu yoyote.

Hiyo ilikuwa Septemba. Mvua zimeshaanza Tabora na swali la kumzalisha au kutomzalisha bado nilikuwa nalala nalo, naamka nalo.

Aliyeniuzia si mtu wa kupuuzwa

Naanza naye kwa sababu ukiwaambia watu daktari kasema hivi na muuzaji kasema vile, wengi hukata shauri palepale: muuzaji anatafuta pesa. Maslahi anayo, sibishi. Lakini nusu ya ninayoyajua kuhusu kumtunza Malkia nimeyapata kwake.

Yeye ndiye aliyenifundisha kufuta mikunjo ya uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na kuikausha, hasa kuikausha, maana unyevu ukibaki humo ndimo ngozi inapoanza kuchubuka na kunuka. Ndiye aliyenikataza kumfunga kamba ya shingoni. Huyu hufungwa mkanda wa kifuani, koo lisibanwe. Ndiye aliyenionya tusimpeleke kuogelea Bwawa la Igombe na watoto, kwa kuwa buldogi ana kichwa kizito na miguu mifupi, na majini huzama.

Na anawajua mbwa wake kwa ukoo. Anajua jike gani alizaa kwa upasuaji, mtoto gani alitokwa na ile tezi nyekundu inayochomoza pembeni ya jicho, nani alikufa kwa joto ndani ya gari. Daktari wangu ni binti aliyesoma SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, lakini siku zake zinaishia kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Buldogi aliowashika ni wa kuhesabu, na hilo kaniambia mwenyewe kabla sijamuuliza.

Mimi na huyu kaka tulianza kupishana kwenye uzito.

Yeye anapenda mbwa aliyejaa. Kwake, buldogi mwembamba ni aibu ya mwenye mbwa. Daktari alitaka mbavu za Malkia nizipapase kwa vidole nizipate bila kubonyeza sana. Nikampeleka kwenye mizani ya duka la nafaka pale Isevya, wapakiaji wakaacha magunia kututazama. The Kennel Club ya Uingereza, ambayo ndiyo inayoandika sifa za mbwa hawa, inataja kilo 23 kwa jike na 25 kwa dume. Malkia alikuwa amezipita zote mbili. Daktari akaeleza kwamba mafuta hayakai tumboni tu, yanajaa kooni na kuzunguka kifua, na njia ya hewa iliyokuwa finyu tangu awali inazidi kubanwa.

Tukampunguzia ugali, tukaongeza dagaa, tukaacha kumrushia vipande vya chapati. Alivyopungua, mkoromo nao ukapungua.

Hapo ndipo shaka ilipoanza. Nilikuwa nimeambiwa, na nimeamini, kwamba kukoroma ni sauti ya mbegu hii, kama manyoya na rangi. Lakini kitu kinachopungua mbwa akipungua kilo hakiwezi kuwa sauti tu. Ni hewa inayotafuta pa kupita.

Dakika tatu chini ya miembe

Oktoba daktari akarudi na pendekezo. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Cambridge na The Kennel Club walianzisha utaratibu wa kupima upumuaji wa mbwa wa pua fupi. Hauhitaji mashine kubwa. Unamsikiliza mbwa kooni na kifuani akiwa ametulia, unamkimbiza mchakamchaka dakika tatu, unamsikiliza tena. Mbwa aliyelala barazani anaweza kukuficha mengi; ukishamkimbiza hawezi tena. Kisha anapewa daraja, kuanzia 0 ambaye hana dalili yoyote, 1 mwenye sauti kidogo isiyomsumbua, 2 anayehitaji uangalizi na pengine matibabu, hadi 3 ambaye ni mgonjwa na hapaswi kuzalishwa.

"Mimi sina cheti cha kupima hivyo," akaniambia. "Daraja nitakalotoa halitambuliki popote. Lakini masikio ninayo."

Nilimheshimu zaidi kwa kauli hiyo kuliko kama angekuja na mhuri.

Tulitoka alfajiri, jua bado halijatoka. Oktoba ya Tabora mnaijua. Saa tatu asubuhi barabara imeshaanza kuwaka, na hakuna mtu mwenye huruma anayemkimbiza buldogi saa hizo. Tukashika njia ya chini ya miembe, mimi na mkanda mkononi, daktari akitazama saa. Malkia alikwenda vizuri. Hakukaa chini, hakugoma, povu halikumtoka mdomoni. Tuliposimama, daktari akaweka kile chombo cha kusikilizia moyo shingoni kwake, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu.

"Kuna mkwaruzo," akasema. "Mdogo. Unaanza kutulia. Ningempa 1."

"Kwa hiyo ni mzima."

"Ni mzima kwa buldogi, mama."

Nilirudi nyumbani na hayo maneno yake mawili: kwa buldogi.

Waseme

Jirani yetu ana mbwa wa kienyeji anaitwa Waseme. Mwekundu, masikio yamesimama, mkia umepinda, hana anayejua umri wake. Asubuhi ile alitufuata. Sisi tukikimbia mchakamchaka, yeye alitangulia hadi mwisho wa barabara, akarudi, akatangulia tena. Daktari alipomaliza kwa Malkia, akamwita Waseme, akampapasa, akamwekea na yeye chombo shingoni.

Kisha akanivisha mimi masikioni.

Hakukuwa na kitu. Hewa inaingia, hewa inatoka, basi. Nikahamishia kwa Malkia, nikausikia ule mkwaruzo.

Sikumwambia kitu daktari. Lakini siku ile ndipo nilipoelewa kwamba muda wote nilikuwa nampima Malkia kwa kumlinganisha na buldogi wenzake, wale wa kwenye video wanaohema ulimi nje wakiwa wamelala, wanaozimia kwa kupanda ngazi. Akisimama kando yao, anang'aa. Na aliyeniuzia naye hulinganisha hivyo hivyo, kwa sababu ndio mbwa anaowaona kila siku. Waseme hakuwahi kuingia kwenye hesabu yetu. Kwa nini asiingie? Naye ni mbwa.

Nikaanza kusoma. Mwaka 2022 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walichapisha kazi waliyoifanya kwenye kumbukumbu za kliniki za Uingereza. Buldogi walikuwa na uwezekano mara mbili zaidi ya mbwa wengine wa kukutwa na angalau ugonjwa mmoja ndani ya mwaka. Kwa tatizo la njia ya hewa, mara 19. Kwa ngozi kuoza kwenye mikunjo, mara 38. Mwaka huo huo wengine wa chuo hicho wakatoa makadirio ya maisha: mbwa wa Uingereza kwa ujumla, miaka 11 na ushei tangu kuzaliwa, buldogi, 7 na ushei.

Na kuna hili la joto, ambalo kwetu si la kusoma tu. Utafiti wa mwaka 2020, Uingereza pia, ulikuta buldogi wana hatari ya kuugua kwa joto mara 14 hivi ya ile ya mbwa wa aina ya Labrador. Uingereza! Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoza damu kwa kuhema, hewa ikipita kwenye pua na koo. Ukimfupishia pua umempunguzia mahali pa kupozea. Ndiyo maana kwetu ndoo ya maji hukaa barazani tangu Septemba, na watoto wanajua: akianza kuhema kwa kelele na kuyumba, hatumbebi mbio kwenda popote kwanza. Tunammwagia maji mwili mzima, tunampepea, ndipo tunamtafuta daktari. Kumpoza ni kwanza, usafiri baadaye.

Jambo jingine ambalo sikulifikiria mwanzoni: uso huu haukutoka porini. Mababu wa mbwa huyu walipiganishwa na mafahali Uingereza hadi sheria ilipokataza mwaka 1835, na walikuwa na miguu mirefu zaidi na pua ndefu zaidi. Baadaye yakaja maonyesho ya mbwa na watu wakaanza kuchagua. Kila kizazi walichukua mwenye uso mfupi zaidi wakamzalisha na mwenzake. Walichagua watu wa kawaida, mmoja mmoja, kila mmoja na jike wake.

Kama mimi na Malkia.

Saa nane usiku

Buldogi wengi hawazai wenyewe. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wao ni kwa upasuaji. Sababu inaonekana kwa macho: kichwa cha mtoto ni kikubwa, mabega mapana, nyonga ya mama nyembamba.

Nilimuuliza aliyeniuzia. "Hilo lisikutishe dada, mimi daktari wangu yuko jirani, nikimpigia amefika."

Nilimuuliza daktari. Naye akaniuliza mimi.

"Akianza uchungu saa nane usiku, utampigia nani?"

"Wewe."

"Na kama niko Sikonge kwenye chanjo ya ng'ombe?"

Nikanyamaza.

Akanieleza pia habari ya usingizi wa dawa. Kwa mbwa wa pua fupi, wasiwasi mkubwa si kisu. Ni dakika za kabla bomba la hewa halijaingia kooni, na zile za baada ya kutolewa. Unamwachia bomba mpaka azinduke kabisa, aanze kulikataa mwenyewe. Unahitaji oksijeni, unahitaji mtu wa kukaa naye asiondoke. Mchana, mmejipanga, inawezekana. Usiku wa manane, umeme umekatika, mama amechoka kwa uchungu wa saa nyingi, ni kitu kingine.

Nadhani hapa ndipo nilipoacha kuwaweka hawa wawili kwenye mzani wa nani mkweli. Wote walikuwa wakweli. Ila ushauri wa yule kaka ulikuwa umebeba Dar es Salaam ndani yake, na kliniki zake na madaktari wake wa simu moja. Mimi niko Cheyo, hapa Tabora. Ukiuleta ushauri ule hapa bila vilivyouzunguka, unabaki maneno matupu, hata kama aliyeyasema amezalisha mbwa nusu ya maisha yake.

Bwana mifugo

Kuna mshauri wa tatu ambaye sikumtafuta. Bwana mifugo mstaafu wa mtaani kwetu, mzee ambaye hunisaidia kwa kupe. Ndiye aliyenikataza kwenda na Malkia kwenye pori la kuelekea Urambo, kwa sababu ya mbung'o, wale nzi wanaoeneza ugonjwa wa ndorobo. Ameshaona mbwa walioumwa nao macho yakifunga ukungu mweupe. Na ndiye aliyeniambia dawa ya ndorobo ya ng'ombe isikadiriwe kwa macho kwa mbwa, ipimwe kwa kilo, kwani ikizidi kidogo inampanda kichwani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwani lazima dume awe wa aina yake?"

"Shikamoo mzee, sasa nitamtoa wapi mwingine?"

Akanyoosha mkono kwa Waseme, aliyelala kwenye kivuli cha ukuta.

"Kwenye ng'ombe tunafanya hivyo miaka yote. Unataka maziwa na unataka uvumilivu, unatafuta chotara. Mbona kwa mbwa mnaona haya?"

Nilipomsimulia yule kaka, alikasirika kwelikweli. "Dada, utaharibu mbegu!"

Lakini mbegu yenyewe ina hali gani? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza vinasaba vya buldogi wakakuta tofauti iliyobaki baina yao ni ndogo, kiasi kwamba kuirekebisha mbegu kwa kuchagua ndani yake yenyewe itakuwa kazi ngumu. Norway, mahakama ya Oslo ilipiga marufuku kuwazalisha mwanzoni mwa mwaka 2022, ingawa mahakama ya rufaa iliitengua kwa upande wa buldogi kabla mwaka haujaisha. Uholanzi wanatumia kipimo: pua iliyo fupi kuliko theluthi moja hivi ya urefu wa fuvu, mbwa huyo hazalishwi.

Nikachukua rula ya shule ya mwanangu. Malkia alidhani ni mchezo, akanilamba mkono wote. Pua yake haikufika hata karibu na theluthi. Mbwa wangu mzima, anayesifiwa na daktari na mzalishaji, Uholanzi asingeruhusiwa kuzaa.

Kwa siku kadhaa nilikuwa upande wa bwana mifugo. Naamini mpaka sasa kwamba kama kuna siku buldogi watapumua kama Waseme, njia itapita alikoonyesha mzee. Daktari hakumpinga. Alisema watoto huenda wangekuwa na vichwa vidogo kidogo na pua ndefu kidogo, huenda. "Lakini nyonga ni ile ile ya Malkia," akasema. "Na usiku ni ule ule."

Swali aliloniachia

Nilimpigia yule kaka kumwambia sizalishi. Hakunitukana wala hakukata simu. Alinyamaza kidogo, akasema:

"Sawa. Lakini fikiria, dada. Wenye wazima wote wakiwafunga kizazi, sisi tutabaki kuzalisha na nini? Na wagonjwa?"

Katika yote niliyosikia, hili ndilo lililonichoma zaidi, kwa kuwa ni kweli. Aliye tayari kumpima mbwa wake, kumpunguza uzito, kumsikiliza koo, huyo ndiye anayeamua kuacha. Anayeendelea ni asiyejali. Ukiliangalia kwa miaka, uamuzi wangu wa huruma kwa Malkia unaweza kuwa mzigo kwa buldogi ambao hawajazaliwa. Nimelizungusha hili kichwani nikiosha vyombo, nikiwa sokoni, nikiwa kwenye daladala.

Mwishowe nikampigia tena, si kubishana. Nilimuuliza kuhusu dume. Ameshakimbizwa dakika tatu akasikilizwa? Hapana, huyo hatolewi nje kukiwa na jua. Usiku hulala kimya? Anakoroma, bila shaka. Baba yake ni nani?

Baba wa dume lile ndiye babu wa Malkia.

Basi mbwa mzima mmoja haendi kuokoa kitu hapo. Uzima wa Malkia ungeingizwa kwenye ukoo ule ule, kwa dume ambaye hakuna aliyemsikiliza koo, na mwenye kulipia jaribio hilo angekuwa Malkia, mezani, usiku, mbali na hospitali. Kungekuwa na dume asiye ndugu, mwenye daraja 0, na chumba cha upasuaji cha uhakika umbali wa kutembea, ningelifikiria upya, na nilimwambia hivyo waziwazi. Yeye naye akaniuliza daktari wangu husikiliza sehemu gani hasa ya shingo. Nikawaunganisha kwa simu. Waliongea muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Malkia tutamfunga kizazi mwezi wa sita, kipupwe, hewa ikiwa baridi. Joto lake lijalo ni kama Februari, na daktari anataka miezi miwili mitatu ipite baada ya hapo ili mishipa ya kizazi itulie. Ameanza kutafuta bomba la saizi yake na mtungi wa oksijeni. Akivikosa, tutapanda treni hadi Morogoro kwenye hospitali ya wanyama ya SUA, na safari itakuwa ya usiku. Kwa sasa fundi anaongeza kozi za tofali kwenye ukuta wa upande wa Waseme.